Ubingwa Uliovuka Mto Ruvu: Misimu ya 1974 na 1975 Ikitazamwa kutoka Magindu

Historia ya mpira wa miguu katika Tanzania aghalabu huandikwa kutoka mlangoni mwa washindi. Mwandishi husimama Dar es Salaam, akatazama Mtaa wa Msimbazi upande mmoja na Jangwani upande wa pili, akahesabu makombe, kisha akaiweka kalamu chini. Hesabu yake huwa sahihi, lakini huwa haijakamilika. Ligi inayoitwa ya taifa ni mali ya taifa zima, na watu walio nje ya viwanja ni wengi kuliko walio ndani. Nia ya insha hii ni kuitazama misimu miwili iliyofuatana, wa mwaka 1974 na wa mwaka 1975, kutoka mahali ambapo hapakuwa na timu ya ligi wala uwanja wa ligi. Mahali penyewe ni Magindu. Swali ninalolitafutia jibu ni hili: ligi huwaunganisha watu wa nchi moja kwa njia gani? Je, kwa kuwakusanya wote chini ya bendera mbili za mji mmoja, au kwa kuupa kila mji nafasi ya kuinua bendera yake?

Magindu ni stesheni ya reli ya kati na ni kata ya Mkoa wa Pwani, upande ambao Kibaha na Kisarawe hukaribiana. Msafiri wa gari la moshi atokaye Dar es Salaam huiacha Pugu, akapita Soga, akavuka Mto Ruvu, akafika Magindu. Akiendelea huiona Ngerengere, kisha milima ya Uluguru, kisha Morogoro. Reli hiyo ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, na ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 Kigoma. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo mtu wa Magindu alikaa juu ya kamba moja ndefu iliyofungwa bahari upande huu na maziwa makuu upande ule. Kila kilichokwenda bara kilipita mbele yake, na kila kilichorudi kilipita mbele yake vilevile. Si mahali pabaya pa kukaa kwa mtu anayetaka kujua nchi inakwendaje.

Ligi ya taifa ilianzishwa mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, nayo ikashinda tena mwaka 1966. Mwaka 1967 ubingwa ulikwenda kwa Cosmopolitans, timu ya Dar es Salaam pia. Kisha ukaja wakati wa Young Africans, ambayo watu wameizoea kwa jina la Yanga: ilishinda miaka mitano mfululizo, toka 1968 mpaka 1972. Sunderland, ambayo mwaka 1971 iliacha jina la kigeni ikajiita Simba, ilirudi kileleni mwaka 1973. Msomaji akizipanga hesabu hizi ataona jambo lililo wazi. Katika misimu tisa ya mwanzo kombe lilibadili mikono, lakini halikubadili mji. Lilitoka mtaa likaenda mtaa. Jina lilikuwa la taifa, na makazi yalikuwa ya Dar es Salaam.

Jambo hili lina sababu zake, wala si hila ya mtu. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili katika mji uliokuwa na bandari, ofisi za serikali, vibarua wengi, na vijana waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi. Klabu za wakati ule zilikuwa vyama vya watu wa mjini: mahali pa kucheza, pa kukutana jioni, pa kuzikana na pa kusaidiana. Ligi ilipoanza, klabu hizi zilikwisha kuwa na umri wa miaka 30 hivi. Zilikuwa na wanachama, na desturi, na ugomvi wake wa zamani. Timu ya mji mdogo wa bara iliyotaka kushindana nazo haikushindana na wachezaji kumi na mmoja tu. Ilishindana na miaka 30.

Lakini yatupasa kuuliza mtu wa Magindu alizipataje klabu hizi, maana hakuzaliwa mitaani mwao. Kwanza, alizipata kwa njia ya reli, kwa sababu ndugu aliyekwenda mjini kufanya kazi alirudi na habari za mjini, na miongoni mwa habari hizo ilikuwamo timu. Pili, alizipata kwa redio. Katika miaka ile serikali iliwafundisha watu wa vijijini kusikiliza redio kwa makundi: mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu waliozoea kukaa pamoja mbele ya redio moja kusikiliza habari za choo na maji ya kuchemsha hawakuona taabu kukaa pamoja mbele ya redio hiyohiyo kusikiliza mpira. Tatu, alizipata kwa magazeti, Uhuru kila siku na Mzalendo Jumapili, ambayo yaliposafiri kwa gari la moshi yaliweza kusomwa na watu wengi kuliko walioyanunua.

Sababu ya nne ndiyo yenye uzito zaidi, na waandishi wa michezo huigusa bila kuifungua. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Neno hili si pambo. Utani ni desturi ya zamani sana katika nchi hii. Ulikuwapo, kwa mfano, baina ya Wanyamwezi na watu wa upande wa pwani, Wazaramo wakiwamo, na wanazuoni wengi wameuhusisha na safari za misafara iliyopita njia ambayo baadaye reli ilikuja kuifuata kwa sehemu kubwa. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ana ruhusa ya kuchukua kuku wako. Lakini msiba ukikufika, yeye ndiye wa kwanza kuja, na kazi nyingine za maziko ni zake hasa. Utani, basi, ni njia ya watu wawili walio mbali kukaribiana kwa kugombana bila kuumizana. Watu walipoziita Simba na Yanga watani, walikuwa wakiuchukua mtindo waliokuwa nao tangu zamani na kuutia katika jambo jipya. Nyumba moja ya Magindu iliweza kuwa na kaka wa Simba na mdogo wake wa Yanga, nao wakataniana mwaka mzima na kula sahani moja.

Tukifahamu hayo, twaweza sasa kuutazama msimu wa 1974.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Mvua zilikuwa haba, chakula kilipungua nchini, na serikali ikatangaza kilimo cha kufa na kupona. Wakati huohuo watu walikuwa wakihamishwa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji, kwa maana Rais Nyerere alikwisha tangaza mnamo Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla mwaka 1976 haujakwisha. Katika hali hiyo mpira ungeweza kuonekana jambo dogo. Hata hivyo, ni jambo la kuzingatia kwamba katika mwaka uleule ambao watu walikusanywa kwa amri, walikuwa pia wakijikusanya wenyewe, bila amri ya yeyote, katika kambi mbili za mpira.

Simba iliingia katika mwaka ule ikiwa bingwa, na kwa sababu hiyo ikaiwakilisha nchi katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Ilifika nusu fainali, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Nyumbani, ubingwa ulifikia mchezo wa mwisho baina ya watani wenyewe, na mchezo huo haukuchezwa Dar es Salaam. Ulichezwa Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana, tarehe 10 Agosti 1974. Timu mbili ambazo nyumba zake zinaweza kufikiana kwa miguu kabla jua halijawa kali zilikwenda kukutana penye mwisho wa reli, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200.

Simba ilipata bao mapema. Katika dakika ya 16 Adam Sabu alifunga, na bao lile likakaa. Likakaa kipindi cha kwanza chote, na likakaa karibu kipindi cha pili chote. Kwa muda wa dakika 71 Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania. Zilipobaki dakika tatu tu mchezo uishe, katika dakika ya 87, Gibson Sembuli akasawazisha. Mchezo ukaingia katika muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga bao la pili la Yanga. Mabao yakawa 2 kwa 1, na ubingwa ukarudi Jangwani. Manara huyo baadaye alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kabisa kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Lakini kwa watu wa kizazi kile jina lake limefungamana na Nyamagana kuliko na Uholanzi.

Mchezo huu umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, nao unastahili. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, una maana nyingine. Tanzania ilikwenda mpaka Mwanza kumtafuta bingwa wake, ikamkuta ni mtu wa Dar es Salaam akipambana na mtu wa Dar es Salaam. Watu wa Mwanza walijaza uwanja wao kutazama ugomvi wa mji mwingine, wakaufanya wao. Wapo watakaosema kwamba huo ni ushahidi wa utumwa wa mikoa kwa mji mkubwa. Wapo watakaosema kwamba ni ushahidi wa umoja, kwa sababu Msukuma, Mkwere na Mmakonde waliweza siku ile kujigawa katika makundi mawili ambayo hayakuuliza kabila la mtu. Mimi naona kauli zote mbili zina haki ndani yake. Katika nchi nyingi jirani, vilabu vikubwa vilijengwa juu ya kabila. Kenya ina mfano wa Gor Mahia ya Wajaluo na AFC Leopards ya Waluhya. Katika Tanzania mgawanyiko mkubwa wa mpira haukufuata kabila wala dini wala mkoa. Hiyo ni neema ambayo twapaswa kuitaja kabla hatujataja gharama yake.

Gharama yenyewe yaonekana vizuri zaidi kutoka Magindu. Kijana wa mahali pale aliyekuwa na miguu mizuri hakuwa na ngazi ya kupanda karibu na kwao. Timu aliyoipenda haikumjua. Ili aijue timu hiyo kwa macho, ilimbidi apande gari la moshi; na ili timu hiyo imjue yeye, ilimbidi ahamie mjini kabisa. Mapenzi yalikwenda upande mmoja, na vipaji vikafuata njia ileile. Mashindano ya Kombe la Taifa, ambayo kila mkoa uliingiza timu yake, yalikuwa dawa kidogo, maana humo mtu aliitwa kwa jina la mkoa wake. Lakini mashindano ya mikoa yalikuwa na msimu wake mfupi, na mapenzi ya kila siku yalibaki kwa klabu.

Ndipo ukaja msimu wa 1975. Mwanzoni mwa mwaka ule mambo yalionekana kwenda kama kawaida. Watani wawili walikutana Zanzibar katika mchezo wa mwisho wa klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, na Yanga ikashinda 2 kwa 0. Mtu angeweza kudhani kwamba ubingwa wa nchi nao ungeamuliwa baina yao, kama ulivyoamuliwa Nyamagana. Haikuwa hivyo. Bingwa wa Tanzania wa mwaka 1975 alikuwa Mseto ya Morogoro. Kwa mara ya kwanza tangu ligi ianzishwe, katika msimu wake wa kumi na moja, ubingwa uliondoka Dar es Salaam, ukavuka Mto Ruvu, ukaipita Magindu, ukakaa chini ya Uluguru.

Jina la timu hiyo halikosi mafunzo. Mseto kwa Kiswahili ni chakula cha mchanganyiko, mchele na choroko katika chungu kimoja, na Morogoro ulikuwa mji wa mchanganyiko hasa: Waluguru wenyeji, wafanyakazi wa mashamba ya katani waliotoka mbali, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara na askari. Wala mji huo haukuwa mgeni wa kushindana na Dar es Salaam. Katika muziki ulikwisha kuwashinda wengi: Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, walipigwa katika redio ileile iliyotangaza mpira, na hakuna aliyewauliza kwa nini hawatoki Kariakoo. Kwa hiyo ushindi wa Mseto ulikuwa jambo jipya katika mpira, lakini haukuwa jambo geni kwa mji.

Ushindi huo uliuweka utani wa jadi katika hali usiyoizoea. Utani ni wa wawili. Simba ikifungwa, Yanga hucheka. Yanga ikifungwa, Simba hucheka. Na kicheko hicho ndicho kinachoufanya mchezo uwe hai siku zote ambazo si za mchezo. Sasa alikuwapo wa tatu, asiye na mtani, na mbele yake wote wawili walikuwa wameshindwa. Kwa mtu wa Magindu hili lilikuwa na maana ya pekee. Bingwa alikuwa jirani wa upande wa pili wa reli. Kama Morogoro imeweza, basi ubingwa si urithi wa mji mmoja. Ni kitu kinachoweza kufanyiwa kazi na watu wa mahali pengine popote. Naliona funzo hilo kuwa kubwa kuliko bao lolote la Nyamagana, ingawa Nyamagana ndiyo inayokumbukwa.

Kwa nini Nyamagana ikumbukwe na Mseto isahauliwe? Sababu moja ni yaliyofuata. Ndani ya Yanga mgogoro ulizaa klabu mpya, Pan African, mwaka 1976, na Simba ikashika ubingwa miaka mitano, toka 1976 mpaka 1980. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Na hilo likawa jibu la yale 5 kwa 0 ya Yanga ya tarehe 1 Juni 1968. Kumbukumbu ya watu ikajazwa na hesabu za watani, na msimu wa Morogoro ukafunikwa. Sababu ya pili ni kwamba kumbukumbu huhitaji mtu wa kuitunza. Yanga na Simba zina wanachama wanaosimulia kila siku. Timu isiyodumu haina msimulizi.

Hata hivyo njia iliyofunguliwa na Mseto haikuzibika mara moja. Mwaka 1986 Tukuyu Stars kutoka Rungwe, timu iliyokuwa imepanda daraja karibuni, ilitwaa ubingwa. Mwaka 1988 ukaenda Tanga kwa Coastal Union. Mwaka 1999 na 2000 ulikwenda kwa Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoa uleule wa Morogoro. Katika miaka hiyo ligi ilikuwa na timu za bara zenye nguvu: Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, Reli na Tumbaku za Morogoro. Mwenye kuyasoma majina hayo ataitambua siri yake. Ni majina ya kazi. Zao, chama cha ushirika au shirika la umma lilikuwa ndilo baba wa timu. Mchezaji alipata mshahara wa kiwanda au wa reli, na alicheza kwao bila kuhama. Mashirika hayo yalipodhoofika, na mengi yakauzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu zilibaki yatima. Mtibwa ilidumu kwa sababu kiwanda chake cha sukari kilidumu. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha habari yetu: miji ya bara haikushindwa kwa kukosa vipaji wala mapenzi. Ilipoteza nguzo iliyowawezesha vijana kubaki nyumbani.

Tangu Azam ilipotwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14, kombe limekuwa likipokezana Yanga na Simba peke yao hadi msimu wa 2024/25. Karibu na Magindu palikuwa na Ruvu Shooting, timu ya jeshi iliyocheza Mlandizi katika Uwanja wa Mabatini. Ilikaa katika ligi kuu miaka mingi, ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Na tarehe 14 Juni 2024 magari ya reli mpya yalianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro. Vituo vyake vya njiani ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Magindu haimo. Chombo chenye kasi huchagua vituo vichache, na ligi yenye fedha nyingi hufanya vivyo hivyo. Na hakuna awezaye kuzilaumu kasi na fedha kwa kuwa zilivyo. Lakini wenye kuiendesha ligi wanaweza kulaumiwa wakisahau waliopitwa.

Nimesema kwamba utani wa Simba na Yanga ni neema, na sirudi nyuma. Umewapa watu wa makabila zaidi ya mia lugha moja ya furaha na huzuni. Ila neema hiyo ilikusudiwa kuwaunganisha watu, haikukusudiwa kuwageuza wote kuwa watazamaji wa mji mmoja. Msimu wa 1974 ulionyesha kwamba nchi nzima inaweza kukusanyika Mwanza kwa ajili ya timu mbili za Dar es Salaam. Msimu wa 1975 ulionyesha kwamba timu moja ya Morogoro inaweza kuzishinda zote mbili, na nchi isivunjike. Mafunzo hayo mawili yanahitajiana. Wanafunzi wetu watakaoandika historia ya michezo hawana budi kuitafuta Mseto katika kurasa za magazeti ya mwaka ule, na kuwauliza wazee wa Morogoro na wa stesheni za njiani wangali hai, kwa maana habari za Nyamagana zina walinzi wengi, na habari za bingwa aliyetoka ng'ambo ya Ruvu hazina mlinzi hata mmoja.